Matofali yetu ya udongo yaliyeyuka masika: je, tuendelee?

SWALI: "Sisi ni familia 14, wengi wetu vibarua na wakulima wadogo wa maeneo ya Usa River na Maji ya Chai. Tulichanga kidogo kidogo kupitia kikoba chetu, tukanunua ekari 5 kwa mwanakijiji mmoja, upande wa chini wa barabara kuu. Tunataka kujenga kijiji kidogo kinachotunza mazingira: nyumba za matofali ya udongo ya kufungamana (yenye meno ya kushikana), miti, bustani, bayogesi na shamba la pamoja. Rafiki wa mmoja wetu amejitolea kutununulia mashine ya kufyatulia. Tulijaribu matofali 200 ya udongo na saruji kidogo kwa mashine ya kuazima, tukayapanga chini ya mwembe. Masika yalipokwisha, karibu nusu yalikuwa yamemomonyoka. Wazee wanatucheka: 'Watu wanatoka kwenye udongo, ninyi mnaurudia.' Wengine wanasema mchwa watazimaliza nyumba hizo. Mimi ndiye katibu na kila mtu ananiuliza mimi. Je, tupokee mashine? Nyumba hizi zitadumu? Au tujenge kwa matofali ya saruji, hata ikiwa chumba kimoja kimoja?"

JIBU: Ndugu Katibu, umeuliza maswali matatu, lakini nyuma yake naona hofu moja: kwamba akiba ya familia 14 itaingia kwenye kitu ambacho mvua itakibeba, na siku hiyo macho yote yatakugeukia wewe. Una haki ya kuogopa. Nitaanza na matofali kwa kuwa ndiyo yaliyowashtua, ingawa katika barua yako kuna mambo mawili yanayonipa wasiwasi kuliko hayo: namna mlivyonunua ardhi, na maji mtakayokunywa. Hukuyauliza, lakini nitayafikia.

Kwanza, matofali yenu hayakuyeyuka kwa sababu ni ya udongo. Yaliyeyuka kwa sababu saruji iliyokuwamo haikupata nafasi ya kufanya kazi yake. Udongo wa kufyatulia una vitu vitatu: mchanga, vumbi laini, na mfinyanzi. Mchanga hautikiswi na maji. Mfinyanzi ndio unaoshika chembe zote pamoja, lakini ukilowa huvimba, ukikauka hunywea, na tofali lisilo na kingine cha kulishika hupasuka kidogo kidogo kila mvua inapopita. Saruji kidogo tunayoongeza, kwa kawaida asilimia 5 hadi 8, hujenga utando ndani ya tofali unaozuia mfinyanzi kucheza. Utando huo haujengwi kwa kukauka. Unajengwa na maji. Saruji inayokauka mapema hubaki unga tu uliogandamizwa.

Hapa ndipo mafundi wetu wengi wanapoteleza, na ninaelewa kwa nini. Mtu aliyezoea matofali ya kuchoma anajua kwamba tofali bichi huanikwa juani likauke kabisa kabla ya kuingia tanuruni. Akipewa mashine ya kufungamana anafanya vilevile: anafyatua, anaanika, na baada ya siku tatu tofali linaonekana gumu, anaridhika. Ugumu huo ni wa mfinyanzi mkavu. Mvua ikija unaondoka. Tofali la kufungamana likishatoka kwenye mashine lipangwe kivulini, lifunikwe kwa nailoni siku hiyohiyo, na kuanzia kesho yake limwagiliwe asubuhi na jioni kwa siku 7 bila kuruka hata moja. Kisha liachwe chini ya kifuniko mpaka litimize siku 28 ndipo lijengewe. Hukuniambia kama mlimwagilia. Kama hamkumwagilia, mmeshapata sehemu kubwa ya jibu.

Sehemu nyingine ni udongo wenyewe, na kwenu hili ni zito kuliko kwingineko. Ardhi inayouzunguka Mlima Meru imetokana na volkano, na udongo wake hubadilika ndani ya hatua chache. Sehemu za juu una majivu mengi: mwepesi, unakunywa maji kama sifongo, na tofali lake hudai saruji zaidi. Sehemu za chini, kwenye tambarare, mtakuta udongo mweusi wa mbuga, ule unaopasuka nyufa za kuingiza mkono wakati wa kiangazi na kunasa matairi wakati wa masika. Huo msiufyatulie kabisa, na msijenge juu yake kabla ya mhandisi kuuona, kwa kuwa unaponyanyuka na kushuka hupasua hata nyumba ya saruji tupu. Mnaoutafuta ni udongo mwekundu au wa kahawia wenye chembechembe za moramu, mchanga ukiwa mwingi kuliko mfinyanzi. Ondoeni kwanza tabaka la juu lenye mizizi na mboji, kiasi cha nusu mita, mlirudishe bustanini. Mboji huzuia saruji kushika.

Kuupima hakuhitaji maabara kwa hatua ya kwanza. Tengenezeni kisanduku cha mbao chenye urefu wa sentimita 60, upana sentimita 4 na kina sentimita 4, kisicho na mfuniko. Kipakeni oili ndani, jazeni udongo uliolowa kiasi, shindilieni vizuri pembeni, kisha kiacheni juani siku 3 au kivulini siku 7. Udongo utanywea. Usukumeni wote uende upande mmoja, mpime pengo lililobaki. Likiwa chini ya milimita 30, sehemu moja ya saruji kwa sehemu 16 za udongo huwa inatosha. Likifika milimita 45 hadi 60, mnahitaji moja kwa 12. Likizidi 60, msibishane na udongo huo: changanyeni na mchanga mpime upya, au chimbeni sehemu nyingine. Chimbeni mashimo matano au sita kwenye ekari zenu, kila shimo na kisanduku chake, na muandike namba. Ni kazi ya wiki moja na gharama yake ni mbao chakavu.

Kipimo cha pili ni cha maji ya kuchanganyia. Finyanga donge la mchanganyiko kiganjani, nyoosha mkono usawa wa bega, liachie lianguke kwenye sakafu ngumu. Likivunjika vipande vinne au vitano, maji yametosha. Likisambaratika kabisa, ni kavu mno. Likibaki donge moja lililobonyea, umelowesha kupita kiasi. Saruji ikishaingia maji msichanganye rundo la kutwa nzima. Changanyeni kile mtakachomaliza ndani ya nusu saa, basi.

Sasa niwajibu wazee, tena kwa heshima, kwa sababu wanachokisema wamekiona kwa macho. Nyumba nyingi za miti na udongo walizokulia zilianguka. Ila ukizichunguza, zilianguka kuanzia chini: ukuta ulikaa moja kwa moja juu ya ardhi, mvua iliyodondoka kutoka kwenye paa ikarusha matope kwenye sentimita 30 za mwanzo, ukuta ukalowa, miti ikaoza, nyumba ikainama. Adui alikuwa maji ya chini na ya pembeni. Kwa hiyo nyumba yenu, iwe ya udongo au ya saruji, ianze na msingi wa mawe. Mawe ya volkano mnayo tele, mengine mtayachimbua mnaposafisha mashamba. Pandisheni msingi angalau sentimita 30 juu ya ardhi, na upande wa juu wa mteremko 45. Wekeni nailoni nzito juu ya msingi kabla ya tofali la kwanza ili unyevu usipande. Paa lichomoze nje ya ukuta sentimita 60 au zaidi. Chimbeni mtaro kando ya nyumba unaopeleka maji mbali. Nyumba yenye vitu hivyo vinne nitasimama mbele ya mzee yeyote niitetee, na ukuta wake hauhitaji plasta nje.

Kuhusu mchwa: mchwa hawali tofali. Wanakula mbao, nao hupita ndani ya ukuta, ndani ya nyufa za msingi au kwenye tundu la tofali, kutafuta kenchi na fremu za milango. Tena matofali ya kufungamana mengi yana matundu, ambayo kwa mchwa ni barabara iliyokwisha kutengenezwa. Zibeni matundu ya kozi ya kwanza (mstari wa kwanza wa matofali) kwa zege, mwageni jamvi, yaani sakafu ya zege, lisilo na mwanya kati yake na ukuta, na nunueni mbao za paa zilizotiwa dawa. Mgrevilea wa shambani ni mbao nzuri na wengi mnao, ila ukatwe umekomaa, ukaushwe, upakwe dawa. Visiki na mizizi ndani ya eneo la nyumba ing'olewe kabla ya jamvi, kwani ndiko kichuguu huanzia.

Jambo moja mafundi wa vijijini hulipuuza kwa kubana matumizi: lenta. Tuko kwenye Bonde la Ufa. Mwaka 2007, mwezi Julai, matetemeko yaliyotokea upande wa Gelai na Oldoinyo Lengai yalitikisa Arusha nzima na kusikika mpaka Nairobi. Ukuta wa matofali yasiyo na udongo wa kujengea (mchanganyiko wa saruji na mchanga) katikati unategemea kushikana kwa meno ya tofali, na meno hayo hayatoshi ukuta ukisukumwa kwa ubavu. Mwageni lenta ya zege yenye nondo kuzunguka nyumba nzima, si juu ya madirisha tu, na simamisheni nondo kwenye pembe, ndani ya matundu, kutoka msingini mpaka kwenye lenta. Msikubali fundi aseme "nyumba ni ndogo, haina haja".

Je, mtaokoa fedha? Hapa nataka tuwe wakweli, maana umeahidiwa mengi na watu wenye nia njema. Chukua nyumba ya mita 8 kwa 7 yenye vyumba vitatu. Ukitoa milango na madirisha, kuta zake ni mita za mraba 100 hivi. Tofali la kufungamana linalotengenezwa kwa vipimo vya Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi lina urefu wa milimita 300, upana 150 na kimo 100, kwa hiyo kila mita ya mraba ni matofali 33, na nyumba nzima ni kama 3,400 pamoja na yatakayovunjika. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 hutoa matofali 70 hadi 100 kutegemea udongo. Hesabu mifuko 34 hadi 49. Nyumba hiyohiyo kwa matofali ya saruji ya inchi 6 inataka matofali 900 na ushei, na fundi akipata 30 kwa mfuko, hiyo ni mifuko 30 tu.

Umeona? Kwenye kufyatua peke yake, tofali la saruji linaweza hata kula saruji kidogo kuliko la udongo. Watu hawaambiwi hilo. Nafuu inakuja baadaye: ukuta wa saruji unadai udongo wa kujengea na plasta pande mbili, ambavyo kwa nyumba hii ni mifuko mingine 25 au zaidi, pamoja na malori ya mchanga, maji, na siku za fundi. Ukuta wa kufungamana ukijengwa kwa usafi unaruka karibu yote hayo. Kwa hiyo, siku mtakapoamua kuupiga plasta ndani na nje "ili upendeze kama wa jirani", mmeirudisha nafuu yote dukani. Pia ukuta ni sehemu moja tu ya nyumba. Msingi, mabati, kenchi, milango na nondo bei yake ni ileile kwa nyumba ya aina yoyote. Anayewaambia nyumba itashuka bei nusu nzima kwa sababu ya tofali hajawahi kuandika orodha yote ya vifaa.

Matofali ya kuchoma mmeyaacha, na nakubaliana nanyi. Tanuru linakula kuni nyingi mno, na kuni hizo hutoka kwenye miti ileile mnayotaka kuilinda. Mawe matupu kwa ukuta mzima ni imara sana, lakini ni kazi ya fundi mjuzi na ya polepole. Matofali ya saruji chumba kimoja kimoja si aibu wala si kushindwa, na kama vipimo vya visanduku vitaonyesha udongo wenu haufai, ndiyo njia nitakayowashauri. Msilazimishe udongo mbaya kwa ajili ya jina la mazingira. Lori la moramu kutoka mbali pamoja na saruji nyingi kuushika halina tofauti kubwa na kile mlichokikimbia.

Na mashine? Msiipokee bado. Mwambieni rafiki yenu asante, na mumwombe fedha hiyo aishikilie mpaka masika mengine yapite. Mashine ni sehemu rahisi ya kazi hii. Watu wanne au watano waliozoea hutoa matofali 400 hivi kwa siku, maana yake nyumba moja ni siku tisa au kumi za kufyatua. Kwa nyumba 14 mashine itakaa bila kazi muda mrefu kuliko itakavyotumika, na kifaa cha kikundi kisicho na mtu mmoja anayewajibika hukosa grisi, kisha hukosa bolti, kisha huanza ugomvi. Azimeni tena ileile, au kodini. Mjenge kwanza jengo moja la pamoja, stoo au chumba cha mikutano cha mita 4 kwa 5, kwa kila hatua niliyoitaja. Mliache lipigwe na masika moja. Vijana wenu watakuwa wameshajifunza, wazee watakuwa wameona, nanyi mtajua kama mnaihitaji mashine yenu wenyewe.

Sasa nifike kwenye yale mawili.

Umesema mlinunua "kwa mwanakijiji mmoja". Hukutaja Halmashauri ya Kijiji. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, makubaliano kati yenu na muuzaji hayatoshi hata yakiwa na mashahidi kumi. Uhamisho wa ardhi ya kijiji kwa watu wengine unahitaji ridhaa ya Halmashauri ya Kijiji. Nendeni kwa Mtendaji wa Kijiji mkaombe muhtasari wa kikao uliopitisha uhamisho huo. Kama haupo, ombeni jambo hilo lipelekwe kikaoni sasa, kabla ya jiwe la kwanza la msingi. Muuzaji aje na mwenzi wake wa ndoa na watoto wake wakubwa, watamke mbele ya watu kwamba wanajua. Majirani wa pande zote nne waitwe, mipaka ya masale (mimea ya kuonyesha mpaka) ikaguliwe pamoja nao, mchoro uandikwe. Kesi nyingi za ardhi huku kwetu huanza miaka mingi baada ya mauzo, mtoto wa muuzaji anaporudi kutoka mjini na kukuta nyumba kwenye shamba la baba yake. Baada ya hapo ombeni hati ya hakimiliki ya kimila. Jambo jingine la kuuliza palepale: eneo lenu lingali ardhi ya kijiji, au limeshaingia kwenye mipaka ya mji mdogo? Likiwa la mji, utaratibu ni mwingine, kuna mpango wa viwanja na kibali cha ujenzi, na wa kuwaongoza ni maofisa ardhi wa Halmashauri ya Wilaya ya Meru.

Na hati iandikwe jina la nani? Sheria inaruhusu hati ya mtu, ya familia au ya kikundi. Vikundi vingi vyenye moyo kama wenu hutaka kila kitu kiwe cha wote. Mimi nawashauri mgawanye. Kila familia ipate kiwanja chake na hati yake, yenye majina ya mume na mke wote wawili, na kikundi kishike hati ya eneo la pamoja. Mkipima viwanja vya mita 20 kwa 30, familia 14 zitachukua mita za mraba 8,400, yaani ekari 2 na kidogo, na takriban ekari 3 zitabaki kwa shamba, miti, njia na chanzo cha maji. Wazee waliopitia vijiji vya ujamaa baada ya Azimio la Arusha la 1967 watakwambia jinsi shamba la pamoja lilivyolimwa kwa nguvu zilizobaki baada ya kila mtu kulima lake. Kwa hiyo msianze na shamba la pamoja la mahindi. Anzeni na vitu ambavyo mtu mmoja hawezi kuvifanya peke yake: mitaro, njia, kitalu cha miti, tangi kubwa.

Andikeni katiba kabla ya kujenga, na ijibu maswali mazito yanayokwepwa wakati watu wanapendana. Mwanachama akifa, mjane anabaki? Wana ndoa wakiachana, nani anaondoka? Anayetaka kuuza, kikundi kina haki ya kununua kwanza, kwa bei inayopangwa vipi? Aliyechangia nguvu badala ya fedha anahesabiwaje? Kwa hili mna bahati ya mahali mlipo: Moshi si mbali, na Chuo Kikuu cha Ushirika kipo pale, katika mkoa ambako wakulima wa kahawa waliunda chama kikuu chao cha ushirika tangu 1933. Nendeni mkaulize kama muundo unaowafaa ni ushirika au kikundi cha kijamii, na mmuone pia afisa maendeleo ya jamii wa kata yenu.

La pili ni maji. Umeandika Maji ya Chai na Usa River, nami mara moja nikafikiria meno ya watoto. Miamba ya Mlima Meru ina floraidi nyingi, na maji yanayopita ndani yake huiyeyusha na kushuka nayo kwenye chemchemi, mito na visima. Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani hakizidi miligramu 1.5 kwa lita, na vyanzo vingi vya Arumeru vinazidi hapo, vingine mara kadhaa. Mtoto anayeyanywa wakati meno ya ukubwani yanajijenga ndani ya ufizi, tangu kuzaliwa hadi miaka 8 hivi, huota meno yenye madoa ya kahawia ambayo mswaki hautayatoa. Kiwango kikiwa kikubwa zaidi, mifupa nayo huathirika na miguu ya watoto hupinda.

Kuna imani mbili zinazodhuru. Ya kwanza ni kwamba kuchemsha kunasafisha kila kitu. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini floraidi haitoki. Maji yanapopungua sufuriani inazidi kukolea. Ya pili ni kwamba maji meupe ni salama na ya rangi ya chai ni mabaya. Floraidi haina rangi wala ladha mtakayoitambua. Msichimbe kisima kwa kuangalia bei ya mchimbaji tu. Pelekeni kwanza sampuli ya kisima cha jirani ikapimwe. Magadi ya kulainishia makande na maharage nayo huongeza floraidi kwenye chakula, hasa cha watoto.

Hapa ndipo paa lenu linapokuwa na thamani kuliko tofali lolote. Maji ya mvua karibu hayana floraidi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Paa la mita za mraba 60, kwa mwaka wenye mvua ya milimita 700, ukitoa sehemu moja ya tano inayopotea, linakupa zaidi ya lita 33,000. Familia ya watu 6 ikitumia lita 5 kwa kila mtu kwa siku, ya kunywa na kupikia tu, inahitaji lita 30 kwa siku. Kiangazi cha kuanzia Juni hadi mwishoni mwa Oktoba ni siku 150 hivi: lita 4,500. Tangi la lita 5,000 lililojaa mwishoni mwa masika linavusha familia mpaka vuli. La kufulia, kuogea na kumwagilia litoke mtoni au bombani. Kwa hiyo gata na tangi viingie kwenye bajeti ya kila nyumba tangu siku ya kwanza. Msiviandike chini ya "baadaye". Maji ya dakika za mwanzo za mvua yaachwe yapite yakaoshe bati, na tangi liwe na mfuniko na wavu wa kuzuia mbu. Mkipungukiwa, mkaa wa mifupa huchuja floraidi. Pale Ngurdoto kipo kituo cha serikali cha utafiti wa jambo hilo, na Taasisi ya Nelson Mandela ya Tengeru nayo inalifanyia kazi.

Bayogesi nitaipitia haraka. Inafanya kazi vizuri kwa familia yenye ng'ombe wawili au zaidi wanaolishwa zizini, kwani kinyesi kinahitajika kila siku. Ng'ombe wa kuchunga hawatatosha. Msijenge mtambo mmoja wa familia 14, kwa kuwa nani atapeleka kinyesi Jumapili asubuhi ni swali lisilo na jibu. CAMARTEC, kituo cha serikali cha zana za kilimo na teknolojia ya vijijini hapo Arusha, wana uzoefu wa miaka mingi wa mitambo ya ukubwa wa familia. Vyoo viwe upande wa chini wa mteremko na angalau mita 30 kutoka kisimani. Na kama mto unapakana nanyi, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Pandeni miti ya asili hapo, mringaringa kwa mfano, wala msipange kiwanja cha mtu. Makorongo yanayoonekana makavu mwaka mzima pia yaepukeni. Mvua ikinyesha juu ya Meru hushusha mawe.

Yapo mambo ambayo barua haiwezi kuyamaliza. Kama shimo lolote litaonyesha udongo mweusi wa mbuga chini ya nyumba, kama mteremko ni mkali kiasi kwamba maji ya mvua yanachimba mifereji, au kama mnataka ghorofa hata moja, muiteni mhandisi afike kwa miguu yake kabla ya kuchimba msingi. Mkishapata udongo unaofaulu kwenye kisanduku, pelekeni matofali matano au sita yaliyotimiza siku 28 kwenye maabara ya ujenzi ya Chuo cha Ufundi Arusha yakavunjwe kwa kipimo, mengine yakiwa makavu na mengine yakiwa yameloweshwa usiku kucha. Tofali lililolowa ndilo linalosema ukweli. Kama kuna mgogoro wowote wa mpaka, hata mdogo, nendeni Baraza la Ardhi la Kata kabla haujakua. Na kama kuna mtoto kati yenu ambaye miguu imeanza kupinda au anayelalamika maumivu ya mifupa, msisubiri tangi. Mpelekeni hospitali wiki hii, mkamweleze daktari maji anayokunywa yanatoka wapi.

Kwa mpangilio wa kazi: muhtasari wa kijiji na sampuli ya maji viende mwezi huu, kwa sababu havina gharama kubwa na vinaweza kubadilisha kila kitu. Visanduku vya udongo vifuate wakati wa kiangazi. Jengo la pamoja lipauliwe kabla ya vuli. Yale matofali 100 na ushei yaliyosalimika chini ya mwembe msiyatupe. Chukueni kumi, yaloweshwe kwenye pipa usiku mzima, kisha mkwaruze kila moja kwa msumari. Yatakayokataa kukwaruzika, mmuulize aliyeyafyatua siku ile alichimba udongo wake shimo gani.